Kumfunga mgonjwa kitandani na kumfungua kwa wakati: mwongozo kamili kwa sisi tunaoshika zamu

Kuna mzee mmoja sijamsahau mpaka leo. Ilikuwa siku ya pili baada ya kutolewa tezi dume, zamu ya usiku niko mimi na mhudumu mmoja tu, wagonjwa thelathini na kitu, na yule mzee kila nikigeuka anavuta mpira wa mkojo, anataka kushuka kitandani, anafoka kwa lugha yao ambayo mi siijui hata salamu. Saa saba usiku nikachukua bandeji nikamfunga mikono yote miwili kwenye reli, nikashusha pumzi, nikaendelea na dawa za wengine. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Asubuhi dada aliyeingia zamu akamfunua shuka akamgusa tumbo la chini, gumu kama ngoma, kumbe mabonge ya damu yalikuwa yameziba mpira. Akausafisha kwa bomba la sindano na maji ya chumvi, mkojo ukamwagika, na mzee akapitiwa na usingizi kabla hata hatujamaliza kumfungua mikono. Yaani muda wote ule alikuwa ananionyesha tatizo liko wapi, mi nikaifunga ile mikono iliyokuwa inanionyesha.

Tangu siku hiyo kabla sijashika bandeji najiuliza kitu kimoja: huyu nitamfungua lini, na nikiona nini? Kama sina jibu basi bado sijawa tayari kumfunga. Mwongozo huu wote umekaa juu ya swali hilo. Ni kwa manesi, wahudumu, madaktari wa intern, walinzi wanaoitwaga kusaidia, na hata ndugu wanaolala na mgonjwa wodini.

Kwanza tukubaliane kufunga ni nini

Wengi tukisikia kumfunga mgonjwa tunafikiria kamba tu. Ukweli ni chochote unachomwekea mgonjwa asiweze kusogea au kufikia mwili wake mwenyewe, na yeye hawezi kukitoa: bandeji, kanga, shuka lililokazwa chini ya godoro mpaka hageuki, reli za pande zote zimepandishwa ili asishuke, meza iliyosukumwa mbele ya kiti cha bibi asiinuke. Na sindano ya kumlaza kwa sababu anasumbua, sio kwa sababu ugonjwa wake unaihitaji, nayo ni kufunga, tofauti ni kwamba fundo halionekani.

Kumshika mtoto mkono dakika mbili wakati unaweka kanula (mpira mdogo wa kwenye mshipa), ubao unaonyoosha mkono wenye dripu, reli za machela wakati unamsukuma kwenda eksirei, hizo hazihesabiki. Ila reli nisikilizeni vizuri, mzee aliyechanganyikiwa ukimpandishia reli zote haachi kushuka, anapanda juu ya reli halafu anaanguka kutoka juu zaidi kuliko angeanguka bila reli. Nimeona nyonga imevunjika hivyo.

Hatua ya 1: anayeletwa akiwa ameshafungwa

Hii vitabu vya nje haviisemi sana lakini kwetu ni kila wiki. Mgonjwa anashushwa kwenye bajaji au nyuma ya pikapu amefungwa kamba ya manila au ya katani mikono na miguu, ndugu wanne wamemshikilia, wamechoka, wana hofu, wengine wamekesha siku tatu. Usianze kuwagombeza, walifanya walichoweza. Ila kamba ya nyumbani haiingii wodini. Andaa watu kwanza, mwambie mgonjwa kwa jina lake kwamba hapa ni hospitali na unaenda kumtoa kamba, halafu kata kwa mkasi butu wa kukatia bandeji, usihangaike kufungua fundo la manila.

Baada ya hapo angalia mikono na miguu pale pale. Vidole ni vya baridi? Vimevimba? Anahisi ukimgusa? Bonyeza kucha uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Mkono ukiwa umevimba na kukaza, na anaumia kupita kiasi ukimnyoosha vidole, hiyo ni dharura ya upasuaji, muite daktari sasa hivi, mkono ukae usawa wa moyo, usiuchue, usiukande maji ya moto. Uliza amefungwa toka saa ngapi na amekula na kunywa nini. Akikojoa mkojo wa rangi ya kahawia kama soda nyeusi jua misuli imeumia na figo ziko hatarini, dripu isichelewe na damu ya kupima figo itolewe.

Asilimia kubwa ya nilioshuhudia wakifunguliwa kwa utaratibu huo hawakuhitaji kufungwa tena. Walikuwa wanapigana na kamba.

Hatua ya 2: tafuta kinachomsumbua, dakika tano tu

Mtu aliyekuwa na akili zake jana na leo anaruka kitandani huyo ni mgonjwa zaidi, sio mkorofi. Mi naanza na vitu vinavyoua haraka. Oksijeni: weka oksimita kidoleni, mtu anayekosa hewa anahangaika, anatupa shuka, anavua mask, na ukimfunga akiwa chali unammalizia. Sukari: toboa kidole, ikiwa chini ya 4 mmol/L mtibu kwanza mengine baadae. Joto, presha, mapigo. Kipimo cha malaria maana malaria ya kichwani inafanya mtu aongee na watu wasiokuwepo. Shingo imekaza? Fikiria homa ya uti wa mgongo. Aligonga kichwa? Kijana wa bodaboda anayezidi kuhangaika na kuchanganyikiwa masaa machache baada ya ajali anaweza kuwa anavuja damu ndani ya fuvu, huyo anatakiwa kipimo cha kichwa na sio kamba. Mama aliyejifungua juzi na ghafla anahangaika na kichwa kinamuuma, pima presha kabla hujafikiria kitu kingine.

Halafu shuka chini kwenye vitu vidogo vinavyomtesa mtu: mkojo umejaa (mzee wangu yule), choo siku tano hajapata, maumivu ambayo dawa yake iliisha jana hakuna aliyeongeza, plasta ngumu ya mfupa (POP) imebana, amelala kwenye mkunjo wa shuka lenye kinyesi, ana kiu, ana baridi.

Pombe nataka niizungumzie kwa kirefu kidogo maana inatupiga chenga kila siku. Mtu amelazwa Ijumaa kavunjika mguu, mstaarabu kabisa, anaamkia watu. Jumapili usiku anatetemeka, jasho linamtoka, anaona wadudu ukutani, anavuta dripu, na sisi tunasema amepata kichaa. Mnywaji wa kila siku akikatishwa pombe ghafla dalili zinaanza masaa 6 mpaka 24, na kuchanganyikiwa kwenyewe kunakuja zaidi siku ya pili mpaka ya nne. Hapo diazepam (dawa ya kutuliza) ni tiba yake hasa, pamoja na thiamine (vitamini B1) ambayo inatangulia dripu ya sukari au inaenda nayo, isipokuwa kama sukari imeshuka sana hapo usisubiri kitu. Ukimpiga haloperidol (dawa ya wagonjwa wa akili) peke yake unaweza kumsogeza karibu na degedege. Kwa hiyo siku ya kumpokea mgonjwa muulize kwa upole, mzee unakunywaga? kiasi gani? mara ya mwisho lini? usiulize mbele ya wakwe zake.

Na dawa zetu wenyewe. Mzee wa miaka 80 amepigwa promethazine (dawa ya mzio inayoleta usingizi) asilale vibaya, kesho yake haelewi yuko wapi, nani wa kulaumiwa.

Hatua ya 3: njia zote kabla ya bandeji

Ndugu ndo dawa ya kwanza. Najua wodi nyingi saa ya kuona wagonjwa ikiisha wanafukuzwa wote, lakini kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa ongea na sista inchaji abakie mtu mmoja anayemfahamu, akae upande anaouona, amshike mkono, amuongeleshe ya nyumbani. Mfundishe cha kufanya, aite akiona nini, na mpe nafasi akale na akapumzike maana naye ni binadamu. Kama mgonjwa haongei Kiswahili tafuta mtu wa lugha yake, hata mgonjwa wa kitanda cha jirani, hata mlinzi wa getini. Yule mzee wangu usiku ule kulikuwa na mama jikoni anayejua lugha yake vizuri kabisa. Sikuuliza.

Toa usichohitaji. Anavuta mpira wa mkojo? Bado anauhitaji? Kanula ya jana ambayo haina dawa inayopita ya nini? Unachohitaji kibaki, kifiche: kanula ipitishe juu kwenye mkono, izungushie bandeji, mvalishe shati la mikono mirefu, asipoiona anaisahau. Mpira wa puani ushikishe vizuri na plasta kwenye pua, mwingine upite nyuma ya sikio.

Msogeze kitanda karibu na meza ya manesi. Kishushe mpaka chini, au weka godoro sakafuni na usione aibu, godoro chini kwenye sakafu safi lina heshima kuliko mikono iliyofungwa juu. Mvalishe miwani yake, mpe meno yake, acha taa ndogo usiku, mwambie ni saa ngapi na yuko wapi, na mwambie tena baada ya nusu saa. Kama anataka kutembea, tembea naye. Mara ngapi mtu anataka tu kwenda chooni na sisi tunamwambia kojoa humo humo una mpira.

Kwa anayepandisha hasira: aongee mtu mmoja, wengine wanyamaze. Simama pembeni yake sio mbele yake, mikono ionekane, usimkazie macho, usimzibie mlango. Mwamkie kama unavyomwamkia mkubwa wako, baba shikamoo, naona kuna kitu kimekukera, nisaidie nielewe. Chai ya moto sio (anaweza kukumwagia), ila maji ya kunywa kwenye kikombe cha plastiki yamewatuliza wengi kuliko Largactil (ndiyo chlorpromazine, dawa ya kutuliza).

Kuna wanaosema bila kufunga haiwezekani. Mwaka 1839 daktari John Conolly aliingia hospitali ya Hanwell pale London akaondoa minyororo na mikanda yote kwa wagonjwa wa akili, wakati ambao hata dawa za kutuliza za maana hazikuwepo. Leo Shirika la Afya Duniani kupitia mpango wake wa QualityRights linafundisha nchi ziache kabisa kufunga na kufungia watu vyumbani. Sisemi kesho tutafika huko na watu wawili zamu ya usiku. Nasema tu safari ilishaanza zamani.

Hatua ya 4: unaamua kufunga au hufungi

Unafunga pale tu ambapo kuna hatari kubwa na ya sasa hivi, anataka kung'oa mpira wa kupumulia ICU (wodi ya mahututi), anapiga mtu, anajirusha dirishani, na njia zingine umejaribu au hakuna hata dakika ya kujaribu. Hufungi kwa sababu anapiga kelele. Hufungi kwa sababu ametukana. Hufungi kwa sababu mko wawili zamuni, hilo ni tatizo la utawala na liandikwe kama tatizo la utawala. Hufungi kwa sababu ndugu wamesema mfungeni tu huyo tunamjua. Na mwenye akili timamu anayekataa matibabu anaruhusiwa kukataa, unamweleza, unamwita daktari, anasaini, anaondoka, hata kama roho inakuuma.

Agizo linatoka kwa daktari. Ikiwa dharura nesi anaanza lakini daktari anaitwa hapo hapo aje amuone kwa macho, sio agizo la kwenye simu halafu basi. Na kwenye faili isiandikwe ile sentensi tunayoipenda, "afungwe ikibidi". Ikibidi nani aseme? Agizo liwe na sababu, aina (mikono tu? mkono na mguu?), saa ya kuanza, saa ya kuisha, na kitu ambacho tukikiona tunafungua. Hicho cha mwisho ndo watu wanakiruka na ndo muhimu kuliko vyote.

Wenzetu mnaofanya kazi Marekani mnajua hospitali zinazopokea Medicare (bima ya afya ya serikali yao) zimebanwa vizuri hapa: kwa mgonjwa mwenye vurugu agizo moja halizidi masaa 4 kwa mtu mzima, masaa 2 kwa wa miaka 9 mpaka 17, saa 1 kwa chini ya miaka 9, linaweza kurudiwa lakini jumla isizidi masaa 24 bila daktari kumuona upya, na ndani ya saa 1 ya kwanza lazima aonwe ana kwa ana na mwenye sifa. Agizo la "ikibidi" ni marufuku. Na kifo kikitokea mtu akiwa amefungwa au ndani ya masaa 24 baada ya kufunguliwa lazima kitolewe taarifa au kiandikwe kulingana na namna alivyofungwa. Hata kama hospitali yako huku haina maandishi kama hayo, hakuna anayekukataza kujiwekea masaa hayo hayo.

Hatua ya 5: namna ya kufunga bila kumuumiza

Watu watano ukiweza, mmoja kila mkono na mguu, wa tano anakaa upande wa kichwa ndo kiongozi, anaongea na mgonjwa na anaangalia pumzi. Kabla hamjasogea toeni stetoskopu shingoni, kamba ya kitambulisho, kalamu mfukoni, mkasi. Mshike mfupa mrefu karibu na kiwiko au goti, sio kwenye kiwiko au goti lenyewe, usipindishe mkono nyuma, na mtu asikae wala kuegemea kifua, shingo, mgongo wala tumbo lake. Kumlaza kifudifudi na kumkandamiza ndo kunaua, mtu anasema siwezi kupumua na watu wanasema anaigiza. Akisema hapumui, achieni.

Kifaa kizuri ni mkanda laini wa kazi hiyo. Tukikosa, na mara nyingi tunakosa, basi zungusha pamba au gozi nene kwenye kifundo cha mkono kisha bandeji pana ya krepe juu yake. Kanga inafaa ikikunjwa pana, bandeji nyembamba ya gozi haifai inajikunja inakuwa kama waya. Vidole vyako viwili viingie kati ya bandeji na ngozi. Funga kwa fundo la kuvuta, lile ambalo ukivuta ncha moja linaachia lote, jifunze nyumbani kwenye mguu wa meza mpaka ulifungue gizani, maana umeme ukikatika au moto ukitokea hutakuwa na muda wa kutafuta mkasi. Ncha ikae mahali wewe unafikia na yeye hafikii.

Funga kwenye fremu ya kitanda inayopanda na kushuka pamoja na godoro. Sio kwenye reli! Ukishusha reli na mkono umefungwa pale bega linateguka. Usifunge juu ya kanula, juu ya kidonda, kwenye mfupa uliovunjika wala mkono wenye mshipa wa kusafishia damu wa mgonjwa wa figo. Hakuna kitu kinachopita shingoni wala kifuani. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hivi, na anayetapika au mwenye usingizi mzito alale ubavu. Mjamzito tumbo kubwa asilale chali, ubavu wa kushoto.

Ikitosha kufunga viungo viwili usifunge vinne, na viwili viwe mkono wa upande mmoja na mguu wa upande wa pili. Kiungo kimoja peke yake usikiache kimefungwa kwa mtu mwenye nguvu, anajizungusha anaanguka ananing'inia.

Wakati wote huo kiongozi anaongea: mama tunakufunga mikono kwa sababu ulitaka kutoa mpira wa hewa, hatukuadhibu, ukitulia tukaona unatuelewa tunakufungua. Muongeleshe hata kama unadhani hasikii. Weka pazia. Mfunike mwili.

Sindano ya kutuliza sitakaa sana, dozi ni za daktari na mwongozo wa hospitali yenu. Nakumbusha machache tu: diazepam kwenye msuli haitabiriki, kwenye mshipa isukumwe polepole na oksijeni na begi la kumpa hewa viwe karibu, chlorpromazine inashusha presha, olanzapine ya sindano na diazepam ya sindano visikutane. Na aliyechomwa sindano NA kufungwa ndo wa kuangaliwa zaidi, maana akitulia unaweza kudhani amelala kumbe hapumui vizuri. Huyo oksimita isitoke kidoleni.

Hatua ya 6: akiwa amefungwa kazi ndo imeanza

Mgonjwa aliyefungwa hawezi kujikuna, hawezi kufukuza mbu, hawezi kujifuta pua, hawezi kunywa maji yaliyo hapo mezani. Vyote hivyo saivi ni kazi yako. Kila dakika 15 mtu apite amwangalie, sio kwa kuchungulia mlangoni: anapumua? vidole vina rangi na joto? anahisi? vimevimba? bandeji imehama? amebadilika kwa lolote?

Kila masaa 2, au mapema zaidi, fungua kiungo kimoja kimoja, kikunje na kukinyoosha, angalia ngozi, paka mafuta, mgeuze, mpe maji, mpe chakula akiwa ameketi, mpeleke chooni. Damu inaganda kwenye miguu isiyosogea, kwa hiyo mtu anayezidi masaa kadhaa daktari afikirie kinga ya kuganda damu. Vyote vinaandikwa kwa saa yake. Chora karatasi ya mistari ibandike kwenye faili, saa, pumzi, vidole, maji, choo, tabia, sahihi. Ile sehemu ya tabia ndo itakayokuambia lini umfungue kwa hiyo usiandike "yuko sawa", andika "ametulia, ameuliza saa ngapi, ametaja jina la binti yake".

Asifungiwe chumbani peke yake. Na ndugu yupo ndio lakini ndugu sio nesi, hajui rangi ya kucha maana yake nini.

Kuhusu mahabusu aliyeletwa na pingu: hiyo pingu ni ya askari sio ya hospitali, ila kifundo kilicho ndani yake ni cha mgonjwa wako. Kiangalie kama unavyoangalia vingine, mwambie askari kwa heshima abadilishe upande au alegeze. Mama mahabusu anayejifungua hafungwi pingu, Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa za 2010 zimesema hivyo wazi, wakati wa uchungu, wakati wa kujifungua na mara tu baada ya hapo.

Hatua ya 7: kumfungua

Hapa ndo tunapochemka wengi. Kumfunga kuna presha, watu wanakimbia, kila mtu yupo. Kumfungua hakuna anayekimbia. Mgonjwa ametulia, wodi imetulia, nani aanze? Tunasema acha alale kidogo, acha dokta aje raundi, acha wale wa asubuhi waamue. Halafu wa asubuhi wanamkuta amefungwa wanasema wenzetu lazima walikuwa na sababu. Wa jioni hivyo hivyo. Kamba zinarithiwa. Mtu aliyefungwa kwa ajili ya vurugu za dakika kumi anajikuta amemaliza siku mbili, na hakuna hata mmoja aliyeamua akae siku mbili.

Kwa hiyo: sababu ikiisha, fungua, hata kama agizo bado lina masaa matatu. Saa iliyoandikwa kwenye agizo ni mwisho kabisa, haimaanishi lazima ifike. Ninachoangalia mimi ni kama anaitika jina, anafuata maelekezo mepesi mawili (nipe mkono, fumba macho), ukimfungua kiungo kwa ajili ya kunawa haendi moja kwa moja kwenye mpira wala kurusha ngumi, na kile kilichomchanganya kimetibiwa au kimeondolewa. Usisubiri aombe msamaha. Kuna manesi wanataka mgonjwa aahidi kwanza, "hautarudia?", mtu alikuwa na malaria kichwani ataahidi nini.

Aliyelala usingizi wa kawaida naye afunguliwe, mtu aliyelala anamdhuru nani. Na kama kilichokufanya ufunge ni mpira, mpira ukitolewa bandeji inatoka dakika hiyo hiyo. Naona watu wametolewa mpira wa hewa ICU saa nne wanafunguliwa mikono saa kumi, hapo katikati mikono ilifungwa kwa ajili ya nini?

Mpangilio wake: chagua wakati mna watu, mchana ni bora kuliko saa tisa usiku, ila mchana usiwe kisingizio cha kumngojesha aliye tayari usiku. Mwambie kwanza. Kama ni viungo vinne fungua mkono mmoja na mguu wa upande wa pili, kaa naye dakika chache ukiongea, ukiona sawa fungua viwili vilivyobaki kwa pamoja. Usimalize kwa kuacha kimoja "cha tahadhari". Akiwa amekaa muda mrefu asisimame ghafla, akae ukingoni mwa kitanda, mpime presha, miguu inaweza kuwa imekufa ganzi.

Akianza tena? Rudi hatua ya 2 sio hatua ya 5. Tafuta sababu mpya. Ikilazimu kufunga tena hilo ni tukio jipya, agizo jipya, saa mpya. Kule Marekani kumfungua kwa majaribio halafu kumfunga tena kwa agizo lile lile hawaruhusu, na wana hoja, maana "majaribio" ni njia nyingine ya kusema ikibidi.

Kwenye kukabidhiana zamu mgonjwa aliyefungwa hasomwi mezani. Wawili mnaenda kitandani, anayetoka anataja sababu kwa mdomo mbele ya mgonjwa, anayeingia anafungua kila kiungo kwa mkono wake anaangalia ngozi. Akifunga tena ni uamuzi wake yeye na jina lake ndo linaandikwa. Pale kwetu tulipoanza hivi wengi walianza kufunguliwa saa moja na nusu asubuhi, kwa sababu ni ngumu sana kumfunga upya mtu aliyetulia anakuangalia huku unatafuta sababu na huipati.

Baada ya kufungua

Mnawishe vifundo, paka mafuta, akiwa na mchubuko au ganzi andika na mwonyeshe daktari. Ganzi ya vidole inayobaki baada ya siku isipuuzwe, mishipa ya fahamu imeminywa. Muulize anakumbuka nini. Wengine hawakumbuki kitu, wengine wanakumbuka kila neno mlilosema mkidhani hasikii. Muulize pia nini kingemsaidia, nini kilimtia hasira, akirudi siku nyingine tumfanyie nini kwanza, na andika kwenye faili mbele kabisa maana wagonjwa wa akili wanarudi na huyo wa zamu ijayo hatakuwa wewe. Ndugu nao waelezwe, hasa waliomleta na kamba, wafundishwe dalili za mwanzo na wapi pa kupiga simu kabla hali haijafika kwenye kamba.

Na zile bandeji zitoeni kabisa kwenye kitanda. Msiziache zinaning'inia kwenye fremu eti zitahitajika, zikiwepo pale saa saba usiku mtu aliyechoka atazitumia.